MTOTO ALIYEDHULUMIWA ASIHOJIWE MARA KUMI

Askari anapotajwa wengi wetu hufikiria mpaka, doria na silaha. Katika mazungumzo yetu ya leo tutaitazama zamu nyingine isiyohitaji silaha, nayo ni zamu ya kumpokea mtoto aliyedhulumiwa.

Tuchukue mfano wa Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe katika bonde la Mto Luapula nchini Zambia, na mwambao wa Ziwa Mweru hadi Nchelenge. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Wananchi wa huko huishi kwa uvuvi, kilimo na biashara ya kuvuka mpaka. Wazazi huweza kusafiri siku kadhaa na kumwacha mtoto mikononi mwa jamaa au jirani. Walio wengi ni walezi wema. Lakini anapotokea mdhalimu, mara nyingi ni mtu ambaye mtoto anamfahamu na kumwamkia kila asubuhi. Naye akibainika, mtumbwi mmoja unatosha kumtorosha.

Sheria za Zambia ziko wazi. Sheria ya Kupambana na Ukatili wa Kijinsia ya mwaka 2011 na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 zinamlinda mtoto. Kumnajisi mtoto aliye chini ya miaka 16 ni kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 15. Tangu miaka ya 1990, polisi wa nchi hiyo wana kitengo maalumu cha kuwasaidia waathirika. Kwa nini basi baadhi ya kesi huyeyuka kabla ya hukumu?

Sababu ya kwanza ni mahojiano yasiyokwisha. Mtoto humweleza mama, kisha mzee wa kijiji, kisha askari wa zamu, kisha daktari, kisha mwendesha mashtaka, na mwisho hakimu. Kila anaporudia, jeraha hutoneshwa. Na maelezo yakitofautiana kidogo, upande wa utetezi huyashikilia. Sababu ya pili ni kumalizana nyumbani. Wazee hukutana, fidia hulipwa, na mtoto huendelea kuishi jirani na aliyemdhulumu.

Ili kuondoa kasoro hizo, vilianzishwa vituo vya kuwasaidia watoto na familia zao. Mwaka 1985, katika mji wa Huntsville nchini Marekani, mwendesha mashtaka Robert Cramer aliwakusanya polisi, madaktari na maofisa wa ustawi wa jamii chini ya paa moja, ili wao wamfuate mtoto badala ya mtoto kuwazungukia. Zanzibar vituo vya namna hiyo huitwa Mkono kwa Mkono. Nchini Zambia, shirika la YWCA, lisilotafuta faida, hutoa ushauri na hifadhi. Mama anayemtegemea mdhalimu kwa chakula hawezi kusimama imara mahakamani asipopata msaada.

Pasipo na kituo, askari mwenyewe ndiye kituo. Mtoto akifika, asihojiwe kaunta mbele ya watu. Aulizwe machache: nini, wapi, lini na nani. Kama ameingiliwa, asiogeshwe kabla ya uchunguzi, na nguo zake zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa nailoni huozesha ushahidi. Afikishwe hospitali upesi, maana dawa ya kuzuia Ukimwi hufaa tu ikianzwa kabla ya saa 72 kupita. Asirudishwe katika nyumba anamoishi mtuhumiwa. Na taarifa ifike mapema katika vituo vya mpakani, kabla mtumbwi haujang'oa nanga.

Limebaki jambo moja zito. Mtuhumiwa akiwa ni askari mwenzenu, sare isiwe pazia. Mtoto anayekuta kituo kinamficha aliyemdhulumu hatakuwa na mahali pengine pa kukimbilia.