Amua Kabla ya Dharura: Jinsi ya Kufanya Maamuzi Bora Nyumbani na Kazini

Kila siku tunafanya maamuzi. Niende shambani au nimpeleke mtoto zahanati? Niuze maharage leo au nisubiri bei ipande? Nichukue mkopo au niache? Katika vijiji vya Kasulu na Kibondo, mengi ya maamuzi haya hufanyika jioni, watu wamechoka, taa ni ndogo na fedha ni kidogo. Hata hivyo, baadhi yake ndiyo yanayoamua nani atakuwa hai wiki ijayo.

Makala haya yanaeleza kwa nini watu wenye akili na upendo huchelewa kuamua, na hatua ambazo familia yoyote inaweza kuchukua mapema.

Maamuzi ni ya aina mbili

Wazee wametuachia methali mbili zinazoonekana kupingana: "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Zote mbili ni za kweli. Tatizo ni kwamba mara nyingi tunazitumia mahali pasipo pake. Mtu anasaini mkopo ndani ya dakika kumi, lakini anakaa na mtoto mwenye homa siku tatu.

Kabla ya kuamua, jiulize swali moja: nikikosea, je, naweza kurekebisha?

- Kama kusubiri hakuna hasara na kukosea kutakugharimu sana, tulia. Mkopo, kununua shamba, kuacha kazi na kuhama ni maamuzi ya kulalia usiku mmoja au zaidi.
- Kama kusubiri kunaweza kuleta madhara yasiyorekebishika, usingoje. Mtoto asiyeweza kunyonya na mjamzito anayetokwa damu hawasubiri asubuhi.

Kwa nini familia huchelewa?

Mwaka 1994, watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza sababu za wanawake kufariki kwa matatizo ya uzazi kwa kuzigawa katika ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda kutafuta huduma. Wa pili ni kuchelewa kufika. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Ucheleweshaji wa tatu ni jukumu letu sisi watoa huduma na serikali. Wa pili unategemea barabara, gari na umbali. Lakini wa kwanza huanzia nyumbani, na huko familia ina nguvu kubwa.

Familia haichelewi kwa kutojali. Sababu tunazozisikia mara nyingi ni hizi:

- Mwenye kauli hayupo. Baba yuko shamba la mbali au amekwenda mnadani.
- Fedha haipo mkononi, na kukopa usiku ni aibu.
- Watu wanatumaini hali itatulia yenyewe.
- Dawa ya kienyeji imeanza kutumika, hivyo wanasubiri ifanye kazi.
- Degedege inadhaniwa si ugonjwa wa hospitali.
- Mama anaogopa kusemwa vibaya na mhudumu.

Ukiangalia vizuri, karibu kila sababu hapo juu inaweza kujadiliwa kabla mtu hajaugua.

Kubalianeni mapema nani anaamua

Chukua mfano huu. Ni saa 2 usiku. Mama kijana anamwambia mama mkwe wake, "Mama, mtoto amekataa ziwa tangu mchana." Bibi anajibu, "Tumsubiri baba yake, mwanangu. Nikikuruhusu uondoke bila yeye kujua, nitamwambia nini?" Simu ya baba haipatikani.

Hakuna mbaya hapo. Bibi anaheshimu utaratibu wa nyumba, na mama kijana anamheshimu bibi. Lakini mtoto anazidi kudhoofika huku wote wawili wakisubiri ruhusa.

Dawa yake ni mazungumzo ya dakika chache siku ambayo wote ni wazima. Baba aseme mbele ya mke wake na mama yake: "Mkiona dalili ya hatari, nendeni. Msinisubiri. Mtaniambia mkiwa njiani." Kauli hiyo haimpunguzii baba heshima. Uamuzi umebaki kuwa wake, ila ameutoa mapema.

Kwa mjamzito, mkubaliane pia kuhusu haya: atajifungulia wapi, nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto, nani anaweza kumchangia damu, na usafiri utatoka wapi. Kwa dharura ya mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga, upo mfumo wa usafiri wa m-mama. Piga 115, simu ni bure. Andika namba hiyo ukutani kwa mkaa au chaki, watoto wa shule nao waijue. Kama unaishi mbali, muulize muuguzi wako kuhusu kusogea karibu na kituo siku za mwisho za ujauzito, hasa kipindi cha mvua ambapo bodaboda hazipiti baadhi ya njia.

Dalili ambazo hazisubiri

Mtoto chini ya miaka 5: nenda kituoni mara moja akiwa na mojawapo ya hizi:

- Hawezi kunywa wala kunyonya
- Anatapika kila kitu
- Amepata degedege
- Amelegea sana, au hazinduki
- Anapumua haraka sana, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi

Mtoto mchanga: hanyonyi, ana joto kali au mwili wa baridi, anapumua kwa shida, au kitovu kina wekundu na usaha.

Mjamzito au aliyejifungua: anatokwa damu nyingi, anaumwa kichwa sana, haoni vizuri, amevimba uso na mikono, ana degedege, ana homa, ana maumivu makali ya tumbo, chupa imepasuka kabla ya uchungu, au mtoto tumboni amepunguza kucheza.

Kama mtoto anaharisha, anza kumpa maji ya ORS ukiwa bado nyumbani na endelea njiani. Pakiti ya lita moja ichanganywe na lita moja kamili ya maji safi na salama. Aendelee kunyonya. Mwezi Mei 2015, kipindupindu kilipowapata wakimbizi waliokuwa wamekusanyika Kagunga, kwenye Ziwa Tanganyika, mkoa wetu uliona jinsi kuhara kunavyoweza kuua haraka. Mwili unakauka kwa saa chache, hausubiri siku.

Pima kwanza, kisha tibu

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa Kigoma ilikuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote: watoto takriban 24 kati ya 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikutwa na vimelea. Wastani wa Tanzania Bara na Zanzibar ulikuwa takriban 7 kati ya 100.

Kwa sababu malaria ni jirani yetu, tunazoea kusema kila homa ni malaria. Mtu ananunua dawa dukani, anameza, anarudi shambani. Lakini homa inaweza pia kutokana na nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo au homa ya matumbo. Dawa ya malaria haitibu hayo, na siku unazopoteza ni siku ambazo ugonjwa halisi unaendelea.

Kipimo cha haraka hutumia tone la damu ya kidole, na majibu hupatikana ndani ya nusu saa. Kama ni malaria ya kawaida na umepewa dawa ya mseto, ALu, meza dozi ya kwanza, ya pili baada ya saa 8 kupita, kisha asubuhi na jioni hadi siku 3 ziishe. Meza pamoja na chakula au maziwa. Usiache siku ya pili kwa sababu umepata nafuu, na usihifadhi vidonge kwa ajili ya homa ijayo au ya mtoto mwingine. Kuhisi nafuu si kupona.

Fedha: amua wakati wa mavuno

Uamuzi wa fedha ukifanywa wakati wa ugonjwa huwa wa gharama kubwa. Ndipo mtu anapouza mbuzi kwa bei ya hasara, au anauza maharage yakiwa bado shambani.

Mama akijua ana mimba katika wiki ya 12, zimebaki takriban wiki 28. Familia ikiweka shilingi 1,000 kila wiki, itakuwa na 28,000 siku ya kujifungua. Si fedha nyingi, lakini inalipa bodaboda, inanunua chakula cha msindikizaji na kanga safi. Kama uko kwenye VICOBA, ulizeni kikundi: mfuko wa jamii unatoa msaada wa ugonjwa? Fedha inaweza kutolewa usiku? Ufunguo uko kwa nani?

Kuhusu mikopo ya "kausha damu", hapa ndipo haraka haina baraka. Kabla ya kuchukua, uliza mambo matatu na uyaandike: nitarudisha jumla shilingi ngapi, kwa siku ngapi, na nikichelewa mtachukua nini? Anayekataa kujibu, au anayekwambia usaini sasa hivi, amekwisha kukujibu. Madeni haya hayaishii mfukoni. Tunawaona watu kliniki wakiwa na presha iliyopanda, usingizi uliopotea na ugomvi ndani ya nyumba.

Kazini na shambani

Njaa, uchovu, hasira na pombe hupunguza uwezo wa kufikiri. Kijana wa bodaboda aliyeamka saa 10 usiku, hajala mpaka saa 9 alasiri, si yule yule aliyetoka asubuhi. Akiambiwa abebe abiria watatu kwenye mteremko, anakubali jambo ambalo asubuhi angelikataa.

Kwa hiyo, jiwekee sharti kabla ya kazi kuanza, na usilijadili tena ukiwa umechoka: abiria mmoja, kofia ngumu kichwani, na nikishikwa na usingizi napumzika.

Shambani pia. Dawa ya kuua wadudu isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa saa moja. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi, anatambua chupa. Uamuzi wa mahali pa kuiweka ufanyike unapoinunua, si jioni mikono ikiwa imejaa mizigo.

Bahati si uamuzi

Hili ni somo gumu zaidi. Tumezoea kupima uamuzi kwa matokeo tu. "Mwaka jana aliugua hivi hivi, hatukwenda popote, akapona." Ni kweli alipona. Lakini aliyevuka mto uliofurika na kufika ng'ambo hajathibitisha kuwa mto ni salama.

Vilevile, kuna mama aliyewahi, akafuata kila ushauri, na bado mtoto akafariki. Huyo hakukosea. Asiambiwe "ungefanya hivi, ungefanya vile." Maneno hayo yanaua mara ya pili, na yanawafanya majirani waone kwenda hospitali hakuna maana. Uamuzi mzuri hauahidi matokeo mazuri kila mara. Unaongeza nafasi ya kupona, na katika familia nyingi kwa miaka mingi, nafasi hiyo ni maisha ya watu. Takwimu za kitaifa zinaonyesha hivyo: vifo vya uzazi nchini vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na 104 katika ule wa 2022.

Tunza karatasi zako

Mtabila inatukumbusha kuwa si kila uamuzi ni wetu. Kwa karibu miaka 20 ilikuwa kambi ya wakimbizi kutoka Burundi, kisha ikafungwa mwishoni mwa 2012, na maelfu ya familia zikarudi kwao. Kuanzia 2015 wengine wengi wakaingia tena mkoani, Nyarugusu na Nduta. Hata sisi wenyeji huhama kufuata mashamba na kazi.

Usipoweza kuchagua safari, chagua cha kubeba. Weka kadi ya kliniki ya mtoto, kadi ya ujauzito na kadi ya dawa za kila siku kwenye mfuko wa plastiki usioingiza maji. Anayetumia dawa za VVU, kifua kikuu, presha, kisukari au kifafa aage kituo chake kabla ya kuondoka, apewe barua ya rufaa na dawa za njiani.

Maswali ya kujadili nyumbani leo

1. Mtoto akipata dalili ya hatari usiku wa leo, nani anaweza kuamua bila kumsubiri mwingine?
2. Tutasafiri kwa nini, na namba ya dereva iko wapi?
3. Fedha ya dharura iko wapi, na nani anaifikia?
4. Kadi zetu ziko wapi?
5. Ni uamuzi gani mkubwa unaotusukuma sasa, ambao unaweza kusubiri hadi kesho?

Kama hamna jibu la swali la kwanza, anzeni na hilo. Mengine yanaweza kusubiri wiki ijayo.

*Maelezo haya hayachukui nafasi ya ushauri wa mtoa huduma. Ukiwa na wasiwasi kuhusu afya yako au ya mtoto wako, nenda kituo cha kutolea huduma kilicho karibu au muone mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji chako.*