Kipimamwanga cha Mkononi: Sura ya Mtu Isipotee Pichani

Vijana wanaorithi kamera za filamu kutoka kwa wazee wao huniuliza swali moja: mbona kanzu yaonekana pichani, lakini sura ya aliyeivaa haionekani? Lenzi haina kosa. Kosa ni namna mwanga ulivyopimwa.

Kamera nyingi zenye kipimo ndani yake hupima mwanga unaorudi kutoka kwa kitu. Kipimo hicho hakijui kanzu wala buibui. Hukichukulia kila kitu kuwa cha kijivu, kinachorudisha mwanga wa takriban asilimia 18. Kikiona kanzu nyeupe tele, hudhani mwanga umezidi, kikaupunguza. Kanzu hutoka rangi ya jivu na uso hutiwa kiza. Kikiona mabuibui matupu, huongeza mwanga, na nyuso zikaungua.

Kipimamwanga cha mkononi chenye kikuba cheupe hufanya kinyume. Hupima mwanga unaomwangukia mtu, awe amevaa nyeupe au nyeusi.

Faida yake niliiona Kibugu, kule Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, tulipopeleka bwana arusi. Wanaume wetu kanzu nyeupe, wanawake mabuibui, nyuma yao majani ya chai, na ukungu unaingia na kutoka. Nguo na mandhari hubadilika kila picha, lakini watu waliosimama mahali pamoja huangukiwa na mwanga ule ule. Kipimo kimoja chawatosha wote, mpaka ukungu ubadilike. Hapo upime tena.

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza, weka kwenye kipimo kasi ya filamu iliyoandikwa kwenye kasha lake, tuseme 400. Pili, nenda hadi alipo mtu, weka kipimo karibu na uso wake, kikuba kielekee kwenye kamera, na usikizibe kwa kivuli chako. Tatu, bonyeza usome. Chini ya mawingu mazito waweza kupata mwendo wa 1/500 na tundu la f/5.6. Nne, hamishia namba hizo kwenye kamera. Ukitaka mwendo wa 1/250, tundu liwe f/8: umeongeza muda maradufu, ukapunguza tundu kwa nusu, na mwanga ni ule ule.

Ikiwa huwezi kumfikia mtu, pima pale ulipo, bora uwe kwenye mwanga kama wake. Yeye akiwa kivulini nawe juani, kipimo hicho hakimfai.

Vipimo vya zamani vya seleniamu havitumii betri, lakini seli zake huchoka. Kabla ya kununua, kijaribu juani mchana, mbingu ikiwa safi: kwa filamu ya 100 kinapaswa kusoma karibu na 1/125 kwa f/16. Kikiwa mbali sana na hapo, mrudishie mwenyewe.

Kwa filamu ya negativu, ukiwa na shaka, ongeza mwanga kidogo. Ukizidi, mara nyingi picha husafishika. Kivuli kisichopata mwanga hakina cha kuokolewa.

Rola ina picha 36, na bei yake si haba. Na bibi aliyekubali kupigwa picha leo, hatujui kama mwakani tutakuwa naye. Umri ni wa Mwenyezi Mungu. Kutembea hatua kumi hadi usoni pake kupima mwanga ni kazi ndogo sana.