Anayekupigia kinanda harusini, mchana anafanya kazi gani?

Jumapili usiku nilikuwa harusini Kisauni. Mpiga kinanda alitukalisha mpaka saa saba na wazee wakasahau kuaga. Jumatatu saa tatu na nusu asubuhi mtu yule yule alikuwa amechuchumaa jikoni kwangu, anafungua nyuma ya friji iliyokataa kugandisha. Nilikuwa nimepewa nambari yake kama fundi mzuri wa friji; kwamba ndiye mwenye vidole vile sikuwa na habari. "Kaka, nivumilie kwa miayo," akaniambia. "Tumemaliza kufungasha vyombo saa kumi."

Tulizungumza mpaka akamaliza kujaza gesi. Mimi mwenyewe kabla ya kuoa nilipiga dumbak miaka mitatu katika kikundi cha mtaani, kwa hivyo mengi aliyoyasema nilikuwa nayajua, na mengine nilishangaa yalivyobadilika. Nimeona niyaandike, maana sisi tunaowakodi watu hawa hatujui kazi yao inavyokwenda, na kutojua kwetu wao ndio wanaokulipia.

Huku Pwani anayeishi kwa muziki peke yake ni mtu wa kutafutwa. Wengi wana kazi nyingine ya mchana: fundi wa umeme, mvuvi, mwalimu wa shule ya msingi, kuli wa bandarini, dereva wa tuktuk. Muziki ni wa jioni na mwisho wa juma. Na mwaka wao hauanzi Januari. Unaanza Mfungo Mosi, pale Idi inapopita na harusi zilizokuwa zikisubiri zinafumuka kwa pamoja, tano sita kwa siku moja, kila mtu anamtaka mpigaji yule yule. Shughuli huendelea, zinapungua, zinapanda tena Agosti na Disemba shule zinapofungwa na jamaa wa Muscat, Dubai na London wanapokuja nyumbani na pesa zao. Kisha Shaaban mbio za mwisho, watu wanataka kuoa kabla ya mwezi kuandama. Halafu Ramadhani: kimya. Mwezi mzima hakuna kinanda, hakuna tari la harusi, na mwenye kutegemea jioni zake humo ndimo anamokopa.

Harusi basi ndiyo shamba lao, lakini harusi si kazi moja. Kuna vugo, ambalo ni la kina mama: pembe zinagongwa kwa vijiti, wanawake wanaimba wakijibizana, na wanaoalikwa kuongoza ni mabibi wanaojulikana kwa jina mtaani kwao. Hawa nao ni wanamuziki wa muda, ingawa hakuna anayewaita hivyo. Hulipwa kwa leso, kwa chakula cha kubeba, na bahasha ndogo ambayo ni aibu kuifungua mbele ya watu.

Kuna tarumbeta, vijana wanaopanda nyuma ya pikapu wakipuliza mbele ya gari la bwana harusi. Ukisimama Majengo au Mji wa Kale Jumamosi alasiri utawasikia kabla hujawaona. Ala hizo za shaba si jambo geni kwetu. Ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi na za wamishonari, ilianza kuchezwa Mombasa na Lamu tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, na makundi yakashindana kwa sare na vyeo vya kubuni. Tarumbeta wa leo hawana vyeo, wana foleni ya magari ya Nyali tu, lakini kazi ni ile ile: kuutangazia mji kwamba nyumba fulani kuna furaha. Kazi yao ni fupi, saa mbili tatu, na siku nzuri wanaweza kuhudumia harusi tatu. Ndiyo maana vijana wanaikimbilia.

Na kuna taarab yenyewe. Wenye umri wangu wanakumbuka turubali linafungwa katikati ya mtaa, jamvi na viti, na marehemu Juma Bhalo au marehemu Zein l'Abdin amekaa hapo mbele. Bhalo alitutoka mwaka 2014 na Zein mwaka 2016. Usiku ule ulikuwa zaidi ya starehe. Mtu aliyekuwa na la kumwambia mwenziwe aliagiza wimbo, akainuka na noti mkononi, akaenda nayo polepole hadi mbele ili kila mtu aone ni ubeti upi ameutuza. Mashairi mengi ya Bhalo yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita, na mjini watu walikuwa wakipimana nani kapigwa vijembe. Harusi hizo hizo zilikuwa ndiyo studio: kaseti nyingi tulizosikiliza majumbani zilirekodiwa hapo hapo, na ukitega sikio utasikia watoto wakilia na mama fulani akiitwa.

Tuzo ndiyo iliyokuwa nusu ya mshahara. Hapa ndipo watu hawaelewi. Kikundi kilikubali bei ndogo kwa mwenye harusi kwa sababu kilijua watazamaji watajazia. Leo watazamaji wamekaa na simu zimeinuliwa, wanarekodi. Mkono mmoja una simu, wa pili una soda, wa kutuza haupo. Baadhi ya wapigaji sasa huandika nambari yao ya M-Pesa kwenye karatasi na kuibandika mbele ya kinanda. Inasaidia kidogo. Lakini pesa inayoingia kimya kwenye simu haina ile raha ya kuonekana ukituza, na mtuzaji wa Pwani, tusidanganyane, alitaka kuonekana.

Sasa tupige hesabu, maana bila hesabu hutaelewa kwa nini bendi zimekwisha. Tuseme kikundi cha watu watano kimekubaliana shilingi 24,000 kwa usiku mmoja: udi, fidla, kinanda, dumbak na mwimbaji. Gari la kwenda na kurudi 3,000. Kukodi spika na jenereta 6,000. Zinabaki 15,000. Hazigawanywi kwa watano bali kwa sita, kwa sababu vyombo navyo vina fungu lake, kama vile dau na nyavu vinavyochukua mafungu yao samaki wanapogawiwa ufukweni. Udi ukikatika nyuzi, fungu hilo ndilo linalonunua. Kila mtu anaondoka na 2,500, alfajiri, na kama anakaa Likoni bado hajavuka feri.

Fundi wangu yeye huenda peke yake. Kinanda chake kina dumbak ndani, kina fidla ndani, kina kila kitu. Anaomba 12,000, nusu ya bei ya kikundi, na mwenye harusi anafurahi. Gari na spika ndogo zinakula 4,500. Anabaki na 7,500, mara tatu ya aliyepata mpiga fidla. Nani atamlaumu? Mwenye harusi ameokoa, mpigaji amepata. Aliyekosa ni yule mzee wa fidla wa Kibokoni ambaye hajaitwa tangu mwaka juzi, na kijana ambaye angekaa nyuma yake miaka miwili akamtazama vidole mpaka akajua.

Nyuma ya haya kuna jambo jingine. Sherehe nyingi za kupamba sasa ni za wanawake watupu, kwenye kumbi, na hazitaki mwanamume ndani. Nimeona mpiga kinanda akiwekwa nyuma ya pazia, anapiga bila kujua kama kuna anayecheza. Nyingi zimeacha kabisa na kumwita dada mwenye kompyuta na spika. Mimi si mwanachuoni na sitaingia katika mjadala wa halali na haramu ya ala. Wenye elimu wapo na wametofautiana. Ninasema tu kwamba familia ikiamua hivyo, ijue imeamua pia nani atakula na nani hatakula, na iseme mapema. Kumwita mtu kisha kumfuta siku mbili kabla kwa sababu ami wa bibi harusi kakataa, na arubuni haikutolewa, ni jambo jingine kabisa, na hilo halina ikhtilafu.

Nikiwa hapo, tusiwasahau vijana wa madrasa wanaopiga twari na kusoma kasida Mfungo Sita. Ukiwaita wanamuziki watakukasirikia, na wana haki yao. Lakini wanasafiri usiku kutoka maulidi moja hadi nyingine, wanaimba hadi sauti zinakauka, na mara nyingi kinachotolewa hakitoshi hata nauli ya kurudi Matuga.

Upande wa pili wa mji kuna hoteli za ufukweni. Kwa muda mrefu huko ndiko kulikokuwa na mshahara. Wimbo wa "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms, uliotoka mwanzoni mwa miaka ya themanini, ulizaliwa katika ulimwengu huo wa bendi za hoteli na watalii, na tangu hapo kila bendi ya Bamburi, Diani na Malindi inalazimika kuupiga, usiku baada ya usiku, pamoja na "Malaika". Kuna bendi ya jukwaani, kuna kikundi cha ngoma na sarakasi, na kuna wale wawili au watatu wenye magita wanaozunguka meza kwa meza wakati wa chakula. Hawa wa meza kwa meza hutegemea bakshishi zaidi ya malipo, kwa hivyo hujifunza salamu za Kijerumani na Kiitaliano haraka kuliko nyimbo.

Niliwahi kupiga hotelini, msimu mmoja. Saa zinajulikana, malipo yanajulikana, chakula unapewa, ingawa cha jikoni nyuma. Shida ni kwamba hakuna anayesikiliza maneno. Unaweza kuimba matusi na watu wakapiga makofi. Na kazi yenyewe inapeperuka na upepo wa dunia: masika ya Aprili hadi Juni baadhi ya hoteli hufunga, serikali za nje zikiwaonya raia wao wasije, kama ilivyotokea mwaka 2014, wa kwanza kuambiwa "tutakuita" ni mwanamuziki. Mwaka 2020 korona ilifunga hoteli na harusi kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na ndipo wengi walipouza vyombo.

Nje kidogo ya mji, kwa ndugu zetu Wamijikenda, msiba nao una kazi. Mwanzele huchezwa kwenye hanga, na kikundi kinachoitwa hukesha na wafiwa. Freretown na Rabai kuna bango, muziki aliouanzisha Mzee Joseph Ngala, wenye saksafoni, unaopigwa harusini na matangani vile vile. Jamaa wa bango aliniambia zamani kwamba kazi za msiba hulipa kwa uhakika zaidi kuliko za harusi. Mfiwa, alisema, haondoki siku ya pili kwenda fungate.

Kazi mbaya kuliko zote ni ya mkutano wa siasa au sherehe ya serikali. Umati ni mkubwa, jukwaa ni kubwa, na unayezungumza naye si mwenye pesa bali ni mtu wa mtu wa mwenye pesa. Kikundi chetu kilipiga kwenye sherehe ya ofisi moja ya umma nikiwa na miaka ishirini na tatu. Tuliambiwa tulete karatasi, tukaleta. Tukaambiwa karatasi ilete muhuri. Tulikwenda mara saba, nauli ikapita posho, tukaacha.

Na kelele. Tangu kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele, ukitaka kuweka spika mtaani usiku unahitaji kibali. Sina ubishi na hilo. Kuna wagonjwa na watoto mtaani. Lakini askari wakija saa sita usiku na kibali hakipo, hawabebi turubali la mwenye harusi wala sinia za biriani. Wanabeba spika. Anayekwenda kuzikomboa asubuhi ni mwanamuziki, ambaye hakuambiwa kama kibali kilitafutwa.

Kwa hivyo unapomkodi mtu wa harusi yako ya Mfungo Mosi, mpe arubuni ya nusu, sio ahadi. Andikianeni, hata kama ni kwa ujumbe wa simu: anaanza saa ngapi, anamaliza saa ngapi, nani analipa gari, nani ana kibali. Mtengee sinia yake mapema, asile makombo saa nane. Na mteue mtu mmoja, mwenye pesa mfukoni, amlipe iliyobaki kabla hajazima kinanda. Mwenye harusi usiku ule hapatikani, na kesho yake hapatikani zaidi. Kama mfuko unaruhusu, uliza pia ni kiasi gani mpiga fidla akiongezwa. Utashangaa si nyingi.

Fundi wangu alifunga friji, akaiwasha, tukasikiliza inavyonguruma. Akasema imekaa sawa. Nilimlipa palepole, akahesabu, akacheka kidogo. Nikamuuliza kuhusu ya Jumapili.

"Nimepata arubuni," akasema. "Iliyobaki nimeambiwa tuonane baada ya fungate."