Jino likiuma, nani analipa? Mambo ya kuuliza mapema

Toka Butembo mpaka Kalemie, watu wengi wanafika kwa daktari wa meno siku ambapo shavu limekwisha kuvimba. Mwanzoni wanameza vidonge vya sokoni au wanasukutua maji ya chumvi, kwa sababu pesa hazipo. Lakini tundu dogo ambalo lingezibwa kwa siku moja linafika mpaka kwenye mzizi. Hapo gharama zinaongezeka: dawa, radiografia, kung'oa. Usaha ukishuka shingoni, mgonjwa analazwa hospitalini na anaweza hata kufa.

Kwa wenye mkataba wa kazi, sheria iko upande wao. Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri kugharamia matunzo ya mfanyakazi mgonjwa pamoja na jamaa lake, na meno yametajwa humo. Mfanyakazi aombe barua ya matunzo kabla ya kwenda, kwani mara nyingi mwajiri analipa tu hospitali aliyopatana nayo. Walimu wana mutuelle yao, ambayo mchango wake unakatwa kwenye mshahara.

Wengine wanaweza kuingia katika mutuelle ya afya ya mtaa au ya parokia, ama kununua bima. Tangu sheria ya mwaka 2015, SONAS si kampuni pekee tena inayoruhusiwa kuuza bima nchini. Lakini kadi ya bima haimaanishi kwamba meno yamo. Kabla ya kutoa mchango, ni vizuri kuuliza:

– Ni matunzo gani yanalipwa: kung'oa tu, ama kuziba na kusafisha pia? Meno ya bandia je?
– Ni miezi mingapi ya kungoja kabla ya kutunzwa?
– Mwanachama analipa sehemu gani yeye mwenyewe, na mutuelle inaishia kiasi gani kwa mwaka?
– Ni hospitali zipi zinapokea kadi, na je, ni lazima kupitia kwanza kituo cha afya?

Swali la tatu ndilo linalowashangaza wengi kwenye kaunta. Kwa mfano, ikiwa matunzo ni dola 30 na mutuelle inalipa asilimia 80, mgonjwa anabaki na dola 6. Lakini ikiwa kikomo ni dola 20, atatoa 10.

Mpango wa serikali wa afya kwa wote ulianza Septemba 2023 mjini Kinshasa kwa uzazi bila malipo. Unamhusu mama na mtoto mchanga. Mwenye jino bovu asiutegemee.

Kwa mchuuzi au mkulima asiye na bima, AVEC inaweza kusaidia. Zaidi ya akiba, vikundi hivyo huweka mfuko wa kusaidiana kwa ugonjwa na msiba. Wanachama wanaweza kukubaliana mkutanoni kwamba jino nalo ni ugonjwa. Anayecheza likelemba naye anaweza kuomba zamu yake isogezwe mbele. Hospitali nyingine zinakubali kulipwa kwa awamu, lakini bei iandikwe kwenye karatasi kabla ya kukaa kwenye kiti.

Njia ya bei ndogo kuliko zote bado ni mswaki mara mbili kwa siku na dawa ya meno yenye floridi. Na jino likianza kushtuka kwa maji baridi, huo ndio wakati wa kwenda kwa daktari, kabla halijamnyima mtu usingizi.