Kizuri Chajiuza: Kwa Wenye Kutaka Kuuza Nyumba

Wazee wetu walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maneno haya ni ya kweli hata kwa nyumba. Tukitaka kuuza ng'ombe twamnenepesha kwanza. Lakini tukitaka kuuza nyumba twamwita mnunuzi siku ile ile, na huku kuku wamelala barazani na bati lililong'oka linapiga kelele kwa upepo. Kisha mtu akitaja bei ndogo, twasema ametudharau.

Ndugu msomaji, kwa kuwa mimi ni karani, watu wengi huniomba niwaandikie hati za mauzo, nami nimeona mengi. Leo nitakueleza habari ya baba yangu mdogo, maana kwake ndiko nilikojifunza zaidi.

Mama mdogo alikuwa akingojea kupasuliwa hospitalini, na fedha hazikutosha. Basi wakaamua kuuza nyumba yao ya pili, ile ya vyumba vitatu iliyo karibu na barabara. Mnunuzi wa kwanza alifika, akaingia, akatoka, akaaga. Hata bei hakuuliza. Wa pili naye vile vile. Ndipo baba mdogo aliponiita. Akasema: "Mwanangu, wewe umesomea ualimu. Hebu nitazamie, wanakimbia nini?"

Nikamwambia tutoke mpaka barabarani, kisha tuingie kama wageni. Fanya hivyo nawe, utaona mambo ambayo macho yako yalikwisha kuyazoea.

Jambo la kwanza ni usafi, nao hauna gharama. Tulifyeka majani, tukaondoa matofali mabovu na madebe yaliyotoboka. Ndani tulitoa magunia yote, maana chumba kitupu huonekana kikubwa. Choo tulikifagia, tukamwaga majivu, tukakitia mlango. Usidharau choo. Mara nyingi mama anayekuja kutazama nyumba huanza huko, na neno lake ndilo la mwisho.

La pili ni paa. Ingia ndani mchana wa jua kali, funga milango na madirisha, kisha tazama juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu la mvua. Sisi tulihesabu saba. Tuliyaziba kwa lami, na misumari iliyolegea tukaibadili.

La tatu ni mchwa. Ukiona njia yao ya udongo ikipanda ukutani, usiifute tu. Ifuate mpaka mwisho wake. Gonga mbao, ikilia kama kitu kitupu, imeliwa. Kwetu mwimo mmoja wa mlango ulikuwa umebaki ganda tu, fundi akauondoa.

La nne ni kuta. Chokaa ni rahisi kuliko rangi, na hung'arisha chumba chenye giza. Ikoroge kwa maji mpaka iwe kama maziwa, tia chumvi kidogo, ichuje kwa kitambaa. Lowesha ukuta kwanza, maana ukuta mkavu hunywa maji upesi na chokaa hubanduka kama unga. Paka nyembamba mara mbili au tatu, na kila mara ngojea mpaka kesho yake. Linda macho na mikono, kwa kuwa chokaa huunguza. Penye rangi ya mafuta usijisumbue, haishiki.

Sasa nafika penye shida. Katika chumba cha nyuma ulikuwapo ufa mpana wa kidole, toka dirishani hata sakafuni. Baba mdogo akaleta kabati kubwa akaliegemeza pale. Sikusema neno, maana ni mkubwa wangu. Lakini mama mdogo, aliyekuwa ameketi mlangoni na maumivu yake, akasema: "Mume wangu, masika yatalisogeza kabati hilo. Sitaki kupasuliwa kwa fedha za mtu atakayenilaani."

Kabati likatolewa.

Fahamu kwamba nyufa si za namna moja. Ufa mwembamba kama unywele mara nyingi ni wa lipu tu. Lakini ufa mpana unaopita ukuta mzima, na mlango wa karibu nao umekataa kufunga, huo huenda unatoka katika msingi. Bandika kipande cha karatasi juu yake, uandike tarehe. Karatasi ikichanika, ukuta bado unatembea. Kwetu maji ya paa yalikuwa yakianguka chini ya ukuta na kuuchimba. Tulichimba mfereji wa kuyapeleka mbali, tukashindilia mawe na udongo. Baada ya wiki tatu karatasi ilikuwa nzima.

Basi akaja mwalimu mmoja mgeni. Akatazama kila chumba, akasimama mbele ya ufa. "Mzee, na hili je?" Baba mdogo akamweleza yote, hata mfereji na karatasi. Mwalimu akanyamaza, kisha akapunguza bei. Baba mdogo aliumia, nilimwona, lakini akakubali. Mwalimu akasema: "Nyumba mbili nilizoziona kabla ya hii, wenyewe waliniambia hazina kasoro yo yote. Hapa najua ninachokinunua." Fedha alizileta wiki ile ile.

Neno moja juu ya hati. Huku Tanzania mume au mke haruhusiwi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Nayo ardhi ya kijiji ina Sheria yake ya mwaka 1999. Kwa hiyo peleka habari kwa Halmashauri ya Kijiji upate kibali, wala usitosheke na barua iliyoandikwa chini ya mwembe. Kama nyumba ni ya marehemu, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyewekwa na mahakama. Yatengeneze hayo kabla hujamwita mnunuzi.

Mama mdogo alipasuliwa, akapona. Akienda sokoni hupita mbele ya nyumba ile, na mke wa mwalimu humwita aingie apumzike. Huingia, naye hukaa chumba kile kile cha nyuma.