Je, Nyota Njema Huonekana Asubuhi Daima?

Wahenga walisema: nyota njema huonekana asubuhi. Methali hii imetulea sote, na mara nyingi tunaitumia kumsifu mtoto aliyeonyesha kipaji tangu utotoni. Katika ukurasa huu tunakusudia kuipima methali hiyo kwa jambo linalowagusa vijana wetu wanaokulia katika nchi za baridi, nalo ni mchezo wa hoki ya barafu. Hasa tunataka kueleza namna timu za kulipwa za Marekani na Kanada zinavyowapima vijana, na kwa nini chuo kikuu kimekuwa mlango wa pili kwa wengi walioachwa katika mlango wa kwanza.

Wazee wetu waliokulia Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam wanaifahamu hoki ya nyasini, ya gongo na mpira mdogo. Hii ya barafu ni ndugu yake wa mbali. Wachezaji huvaa viatu vyenye bapa la chuma chini yake, hukimbia kwa kuteleza, na badala ya mpira hupiga kisahani cheusi cha mpira mgumu kiitwacho paki. Kila timu huwa na wachezaji watano na mlinda mlango mmoja uwanjani, na wachezaji hao hupokezana kila baada ya muda usiofika dakika moja kwa kuwa mwendo wake unachosha mno. Kwa mtoto aliyezaliwa Minneapolis, Boston au Toronto, mchezo huu si wa kigeni hata kidogo. Huusikia shuleni na huuona kwa majirani, na wengine hurudi nyumbani wakiomba wanunuliwe viatu.

UTEUZI WA KILA MWAKA

Ligi kubwa ya kulipwa huitwa NHL. Ina timu 32, ambazo 25 ziko Marekani na 7 ziko Kanada. Kila mwaka, kwa kawaida katika mwezi wa Juni, timu hizi hufanya uteuzi wa vijana kwa duru 7. Kila timu huwa na zamu yake, na kwa jumla huitwa majina 224. Kijana huingia katika hesabu hiyo akiwa atatimiza miaka 18 ifikapo tarehe 15 Septemba ya mwaka huo.

Jambo la kwanza ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba kuteuliwa si kuajiriwa. Timu inayomteua kijana hupata tu haki ya kuwa ya kwanza kufanya naye mkataba, kwa muda uliowekwa. Aliyeteuliwa anaweza kuendelea na masomo yake na kuichezea timu ya chuo bila kizuizi. Lakini pindi atiapo saini mkataba wa NHL, mlango wa hoki ya chuo humfungia. Kwa hiyo saini hiyo ndiyo jambo zito, wala si jina kuitwa jukwaani.

MACHO YA WASAKA VIPAJI

Timu hizi huwaajiri watu ambao kazi yao ni kuzunguka viwanjani msimu mzima wakiwatazama vijana na kuandika taarifa. Ligi yenyewe nayo ina ofisi yake ya kusaka vipaji, iliyoundwa mwaka 1975, ambayo hutoa orodha za vijana kwa daraja: wa Amerika ya Kaskazini mbali na wa Ulaya, na walinda mlango mbali na wachezaji wengine.

Wanatazama nini? Kwanza ni mwendo wa miguu: jinsi kijana anavyoanza kasi, anavyogeuka, na anavyopita kutoka kwenda mbele hadi kwenda nyuma bila kupoteza mizani. Pili ni mikono, yaani jinsi anavyoituliza paki na kuipiga. Tatu ni akili ya mchezo, nayo ndiyo ngumu kuliko zote kuipima. Je, huinua kichwa kabla ya kupokea pasi? Hujua mwenzake yuko wapi? Hufanya nini anapokuwa hana paki? Nne ni moyo. Msaka vipaji mzoefu humtazama kijana sana baada ya kupoteza paki kuliko baada ya kufunga bao. Yule arudiye mbio kuziba kosa lake huandikiwa jambo jema, na yule ainamishaye kichwa au amlaumuye mwenzake huandikiwa jingine.

Kazi haiishii hapo. Huulizwa makocha na walimu, na hata familia zilizompangisha kijana alipokuwa akicheza mbali na kwao. Takwimu nazo huchunguzwa, lakini kwa tahadhari, kwa sababu bao moja katika ligi dhaifu halilingani na bao moja katika ligi ngumu. Kabla ya uteuzi, vijana wanaotarajiwa kuchaguliwa hukusanywa kwa vipimo vya mwili na mahojiano. Tangu mwaka 2015 shughuli hiyo imekuwa ikifanyika Buffalo. Huko hupimwa kimo, uzito, nguvu na pumzi yao juu ya baiskeli isiyokwenda, na huitwa na timu mbalimbali kwa maswali. Ajabu ni kwamba katika shughuli hiyo hakuna anayeteleza juu ya barafu. Barafu yao imekwisha kutazamwa msimu mzima. Kinachotafutwa sasa ni mtu mwenyewe.

MIZANI YENYE KASORO

Pamoja na juhudi zote hizo, mizani hii ina kasoro, na hapa ndipo methali yetu inapotikisika. Anayepimwa ni kijana wa miaka 17, lakini anayetafutwa ni mtu mzima wa miaka 25. Baina ya wawili hao kuna safari ndefu ambayo hakuna awezaye kuiona yote.

Tuchukue mfano wa mwezi wa kuzaliwa. Nchini Kanada watoto hupangwa katika timu kwa mwaka wa kalenda. Mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba huwekwa pamoja, ingawa wa kwanza amemtangulia mwenziwe karibu mwaka mzima. Katika umri wa miaka 9 au 10, miezi hiyo ni kimo, ni nguvu, ni kujiamini. Mkubwa huonekana ndiye mwenye kipaji, hupewa kocha bora na mechi nyingi zaidi, na miaka ikipita kipaji hicho huwa kweli kwa sababu kimemwagiliwa maji.

Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2013 waliwachunguza Wakanada walioteuliwa na NHL. Waligundua kwamba asilimia 36 walizaliwa kati ya Januari na Machi, na asilimia 14.5 tu kati ya Oktoba na Desemba. Kanuni ya tarehe 15 Septemba, inayowasogeza wazaliwa wa mwisho wa mwaka hadi uteuzi unaofuata, haikulifuta pengo hilo. La kustaajabisha zaidi ni kwamba wale wadogo waliofanikiwa kuteuliwa walifanya vizuri kuliko nafasi walizopewa. Uwezekano wao wa kufikia mechi 400 au pointi 200 ulikuwa takriban maradufu ya wenzao wakubwa walioteuliwa katika nafasi zilezile. Maana yake ni kwamba timu zenye fedha na wataalamu wengi zilidanganywa na kimo.

CHUO, MAHALI PA KUKOMAA

Sasa tuje kwenye vyuo. Zaidi ya vyuo 60 vya Marekani vina timu za wanaume katika daraja la kwanza la chama cha michezo ya vyuo, NCAA. Msimu huanza Oktoba na humalizika Aprili. Mechi huchezwa zaidi Ijumaa na Jumamosi jioni, na siku nyingine ni za darasani, mazoezini na katika chumba cha vyuma vya kujengea mwili. Katika ligi za vijana za Kanada, zijulikanazo kwa jumla kama CHL, timu nyingi hucheza mechi 68 kabla ya mtoano. Chuoni ni karibu nusu ya hizo. Kijana mwembamba hupata nafasi ya kula, kulala na kuongeza misuli, tena akikabiliana na wapinzani wa miaka 22 au 23.

Kwa timu za kulipwa, chuo ni mahali pa kungojea bila gharama. Kila timu ya NHL hairuhusiwi kuwa na mikataba zaidi ya 50 kwa wakati mmoja, na mwanafunzi asiyetia saini hahesabiwi humo. Ndiyo maana katika duru za mwisho timu nyingi hupenda kumteua kijana aendaye chuo: hupanda mbegu na kungoja. Leo takriban theluthi moja ya wachezaji wa NHL wamepitia vyuoni.

Mifano ipo. Martin St. Louis alikuwa na kimo cha futi 5 na inchi 8, na hakuna timu iliyomteua. Alisoma na kucheza miaka minne katika Chuo Kikuu cha Vermont, akapata nafasi Calgary mwaka 1998, akaachwa mwaka 2000, ndipo Tampa Bay ikamchukua. Mwaka 2004 aliongoza ligi nzima kwa pointi, akatunukiwa kuwa mchezaji bora, na timu yake ikatwaa Kombe la Stanley. Mwaka 2018 aliingizwa katika Jumba la Heshima la hoki. Usione wembamba wa reli, gari moshi hupita juu yake.

Joe Pavelski aliteuliwa mwaka 2003 katika duru ya saba, akiwa wa 205. Akapitia Chuo Kikuu cha Wisconsin, kisha akacheza mechi zaidi ya 1,300 za NHL. Mlinda mlango Connor Hellebuyck alionekana akicheza Odessa, mji wa jangwani huko Texas, akateuliwa wa 130 mwaka 2012, akakomaa katika chuo cha Massachusetts Lowell. Mwaka 2025 alitangazwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Wako pia ambao nyota yao ilionekana alfajiri kweli. Macklin Celebrini alitunukiwa kuwa mchezaji bora wa vyuo mwaka 2024 akiwa Boston University na umri wa miaka 17, na mwaka huohuo San Jose wakamteua wa kwanza. Methali basi si ya uongo; ni kwamba si nyota zote huchomoza saa moja.

KANUNI ILIYOBADILIKA

Kwa miaka mingi kijana alilazimika kuchagua njia mapema. Aliyecheza katika ligi za CHL alihesabiwa na NCAA kuwa mchezaji wa kulipwa, na hakuruhusiwa tena kuichezea timu ya chuo. Cale Makar wa Alberta alibaki katika ligi ya chini ya mkoa wake ili asiupoteze mlango wa chuo. Aliteuliwa wa nne mwaka 2017, akasoma misimu miwili katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, na mwaka 2022 akatwaa Kombe la Stanley akiwa na Colorado.

Mwezi Novemba 2024 NCAA iliamua kuiondoa kanuni hiyo, na tangu tarehe 1 Agosti 2025 vijana wa CHL wanaruhusiwa kucheza vyuoni. Mara moja Gavin McKenna, aliyekuwa akitajwa sana kwa ajili ya uteuzi wa 2026, alitoka Medicine Hat akaenda Penn State. Kwa familia, hii ni faraja yenye tahadhari. Faraja, kwa kuwa uamuzi wa mtoto wa miaka 16 haumfungi tena. Tahadhari, kwa kuwa nafasi za vyuoni hazikuongezeka kama walivyoongezeka wanaozitaka.

YANAYOTUHUSU SISI

Wapo wanaouliza iwapo kijana wa Kiislamu ana nafasi katika mchezo huu. Nazem Kadri, mwana wa familia iliyohamia London, Ontario, kutoka Lebanon, aliteuliwa wa saba mwaka 2009 baada ya kupitia ligi ya vijana ya Ontario. Aliposhinda Kombe la Stanley mwaka 2022 pamoja na Colorado, alilileta hadi msikiti wa mji wake, na watoto wa jamaa wakaligusa. Wasichana nao sasa wana ligi yao ya kulipwa, PWHL, iliyoanza kucheza Januari 2024 na ambayo huwachukua wachezaji wengi kutoka vyuoni.

Jambo moja la kupanga mapema ni saumu. Mwaka 2025 Ramadhani ilikuwa Machi, na mwaka 2026 ilianza katikati ya Februari, yaani wakati ule ule ambapo mechi za vyuo huwa kali. Ni vyema kijana na mzazi wazungumze na kocha kabla ya msimu kuhusu saa za mazoezi, chakula na maji, badala ya kungojea hadi mwezi uandame.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake ameitwa na timu, tunapendekeza maswali manne. Je, akivunjika mguu kesho, ufadhili wa masomo utaendelea? Ni wangapi katika timu hiyo waliomaliza shahada zao? Atacheza, au atakaa benchi miaka miwili? Na nani atakayelipa safari na vifaa? Wazazi wakumbuke pia kwamba vyuo kama Harvard, Yale na Princeton havitoi ufadhili wa michezo. Msaada wao hutegemea kipato cha familia. Jimmy Vesey, aliyeteuliwa na Nashville mwaka 2012, alimaliza miaka yake minne Harvard bila kutia saini, na mwaka 2016 akawa huru kuichagua mwenyewe timu aliyoitaka, New York Rangers. Subira ilimpa shahada na uhuru kwa pamoja.

Na kwa mzazi ambaye jina la mwanawe halikuitwa, tunasema hivi: orodha ile ni makisio ya watu kuhusu kijana wa miaka 17, na ushahidi tulioutaja unaonyesha jinsi makisio hayo yanavyokosea. Kitabu cha shule kisifungwe kwa sababu ya kuitwa, wala viatu vya barafu visitundikwe kwa sababu ya kutoitwa.