Boila inavuja: maji inatokea wapi kweli?

Mu nyumba za wageni za Bukavu ao Goma, hadithi ni karibu moja siku zote. Asubuhi, mwenye kufagia anakuta maji chini ya boila ya umeme, ile tangi nyeupe yenye inatundikwa ku ukuta wa bafu. Anapanguza. Kesho yake maji imerudia. Wanaita fundi, naye anaangalia mahali tone linaangukia, anapaka silikoni hapo hapo, anachukua makuta yake na kwenda. Kiisha siku tatu, maji inatokea upande mwengine.

Shida ni kwamba pale tone linaangukia si pale maji inatokea. Boila iko na ngozi mbili. Ndani kuna tangi ya chuma yenye imepakwa emayi, kama zile sahani za zamani. Inje kuna bati nyembamba yenye rangi. Katikati ya hizo mbili, kiwandani wanamwanga povu ya poliuretani, inavimba kiisha inakuwa ngumu. Kazi yake ni kulinda joto. Lakini maji ikipata njia ya kuingia, inatembea kati ya chuma na povu, inazunguka, na inatokea ku tundu ya chini kuliko zote. Ile tundu haina kosa. Kuipaka silikoni ni kama kumufunga mutoto kinywa juu analia njaa: maji inabakia ndani, povu inaloa na haikauki tena, bati inaoza kwa kutu, na maji inaweza kufika ku waya za umeme.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukata umeme ku disjonkteri, hata kama ni tone tu. Mukono wenye maji na boila yenye haina waya wa kushuka mu udongo, hilo ni jambo la kufa na kupona. Na mu kartie zetu, umeme ukiwa umekatika mutu asiseme "hakuna hatari," juu unaweza kurudia wakati wowote, vidole vikiwa bado ndani.

Kiisha hapo, mutu aangalie kile kifaa kidogo cha shaba chenye kiko ku tiyo ya maji baridi, chini ya boila. Mafundi wanakiita grupu ya usalama. Kiko na kinywa kidogo chenye kinaangalia chini, na mara nyingi tone linatoka hapo. Watu wengi wanafikiri kimeharibika, kumbe kinafanya kazi yake. Maji ikipata moto inapanuka: litre 100 za maji baridi zikifika digri 60 na kitu, zinaongezeka kwa karibu litre 2. Hiyo ya kuzidi haina mahali pa kwenda, kwa hiyo grupu inaitosha pole pole. Kama tone linatoka wakati boila inapata moto tu, na linaisha maji ikisha kupoa, hakuna kitu cha kutengeneza. Waweke ndoo, ao tiyo ndogo ya kupeleka maji mu musingi.

Lakini kuna watu wenye wanakifunga kile kinywa kwa kizibo, juu tone linawachosha. Hapana, hata siku moja. Siku termostati itagandama, rezistansi itaendelea kupasha moto bila kusimama, na tangi yenye imefungwa pande zote itapasuka kama bombe.

Kama ile grupu inatoa maji usiku na muchana, hata boila ikiwa baridi, ao uchafu umezuia supapi yake kufunga vizuri, ao nguvu ya maji ni nyingi. Wakaaji wa Bukavu wanapaswa kufikiria kilima chao. Kila metre 10 za kushuka zinaongeza bari 1. Nyumba yenye iko metre 80 chini ya tangi ya kartie inaweza kupata karibu bari 8 usiku, wakati robine zote zimefungwa, na grupu nyingi zinafunguka ku bari 7. Hapo dawa ni kuweka kifaa cha kupunguza nguvu ya maji ku tiyo ya kuingia. Kubadilisha boila hakutasaidia kitu.

Kama grupu iko kavu, ndipo kutafuta kunaanza. Njia ya rahisi haiombe mashini: kukausha kila kitu kwa kitambaa, kuzungusha karatasi ya choo ku kila mahali tiyo zinaunganika, na kungoja saa moja. Karatasi itakayoloa ya kwanza ndiyo inasema kweli. Ku tiyo ya maji moto, sababu ni mara nyingi shaba na chuma zenye zinagusana: chuma inaoza. Kuna kiungo cha plastiki cha kuzitenganisha, na bei yake ni ndogo.

Kiisha wafungue kifuniko cha chini. Kama kuna alama nyeupe ao nyekundu kuzunguka sahani yenye inashika rezistansi, ni mupira wake umechoka. Kazi hiyo inafanyika: kufunga maji, kutosha maji yote, kuondoa chokaa, kuweka mupira mupya, na kukaza njumu moja moja kwa kuvukisha, si kwa kuzunguka. Boila ijae maji mbele ya kurudisha umeme, ama sivyo rezistansi itaungua.

Wenye hoteli wenye wameweka jakuzi wanajua taabu ya povu zaidi, juu kule imefunika tiyo zote. Hapo wanaweka alama ku kimo cha maji, wanazima pompi siku moja, kiisha wanaiwasha siku ingine. Maji ikishuka tu wakati pompi inatembea, tobo iko ku tiyo zenye pompi inasukumia maji. Ikishuka kiisha inasimama, tobo iko ku kimo kile kile. Wanakata povu kidogo kidogo kwa kisu, wanafuata mahali palipoloa sana, na hawarudishi povu mbele ya kupima siku nzima.

Kunabakia habari mubaya. Kama maji ya rangi ya kutu inatoka kati ya bati na povu, na viungo vyote viko vikavu, tangi yenyewe imetoboka. Mafundi wa kusudere watasema wanaweza kuiziba. Moto wao unaharibu emayi yenye kuzunguka, na tobo ingine itakuja pembeni. Tena povu ya poliuretani ikiungua inatoa moshi wenye sianidi na monoksidi ya kaboni. Mu bafu ndogo yenye dirisha moja, moshi huo unaua.

Mwenye kununua ingine aombe fundi amuonyeshe fimbo ya magnezi yenye iko ndani. Inaoza yenyewe pahali pa tangi, na ikiisha, tangi inaanza kuoza. Kuibadilisha ni kazi ya saa moja ao mbili, na inafaa iangaliwe kila miaka 2.